Kila Kiwavi na Kikombe Chake

Mimi kazi yangu ni kupika, na ninaowapikia ni viwavi. Siku hizi nasema hivyo moja kwa moja maana nimechoka kuzungukazunguka. Zamani mtu akiniuliza nilimjibu, "Niko maabara," naye akatosheka. Pale kwetu Lukozi ukitaja maabara watu wanafikiria kutobolewa kidole na kuambiwa kama una malaria. Mama yangu alilijua hilo na akaliacha liendelee. Nikipanda nyumbani, majirani walinisimamisha njiani wanieleze mafua yao na matumbo yao, nami nikawa naguna tu na kuwaambia wanywe maji mengi.

Maabara yetu iko nje kidogo ya mji wa Lushoto, na chumba cha viwavi ndicho chenye joto kuliko vyote. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka na sisi tumevaa makoti na soksi mbilimbili, viwavi wana hita inayowaka mchana na usiku. Mlinzi wetu huja kuota mikono mlangoni na kila mara wimbo wake ni huohuo: "Afadhali ningezaliwa kiwavi mie." Namwambia aingie basi kwenye kikombe, nimfunge na kifuniko.

Chakula chao kina mambo. Maharage nayasaga unga, nachanganya na unga wa ngano, hamira, na dawa kidogo ya kuzuia ukungu. Halafu nachemsha maji na unga wa mwani, ule unaogandisha, namimina vyote pamoja na kukoroga mpaka bega linauma. Vitamini natia mwishoni, uji ukishapungua moto, maana ukiiwahisha inaharibika, na ukizubaa nao unaganda na sufuria lake. Kinanukia kama maharage ya shule ya bweni, wallahi, mpaka unasikia njaa. Nakigawa kwenye vikombe vidogo vya plastiki, vile ambavyo wauza chipsi wanatilia chachandu. Kikipoa namweka kiwavi kwa brashi laini, nafunga. Kila kiwavi na kikombe chake, kwa sababu hawa viwavijeshi waliotuvamia na kutumalizia mahindi wana tabia mbaya. Ukiwaweka wawili pamoja, asubuhi unamkuta mmoja, kanenepa.

Kwa nini tunawafuga? Swali hilo nimeulizwa kwa kila namna ya sauti. Wataalamu wa mbegu wana mahindi ya aina nyingi, wanataka kujua aina ipi inamstahimili kiwavi. Ukingoja viwavi waje shambani wenyewe, watajaa huku, kule wasifike, na hapo hujajua kitu. Inabidi uwe na viwavi wa umri mmoja na afya moja, uwaweke sawasawa juu ya kila mche, ndipo uone nani kaliwa na nani kapona. Basi mtu lazima awalee, na mtu huyo ni mimi.

Mama yangu alipoteza mahindi kwa viwavi hao misimu miwili mfululizo. Yeye ambaye tangu aolewe hakuwahi kununua unga, akaenda kununua unga gulioni huku kajifunika khanga mpaka machoni. Siku nilipomweleza kazi yangu hasa ni nini, alianzia kwenye chakula.

"Unawapa maharage?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Maharage mazima? Yasiyo na dudu?"

"Mazima."

"Astaghfirullah." Akanisogelea na kushusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu jikoni. "Usimwambie mtu."

Kilichomkera zaidi ni kwamba viwavi hawana mapumziko. Lukozi si mbali na Lushoto, ni safari ya pikipiki tu, lakini chakula lazima kipikwe na vikombe lazima vibadilishwe, iwe Jumapili, iwe mvua. Mwaka huo Idi zote mbili zilinikuta nakoroga sufuria. Nilipompigia simu kumpa mkono wa Idi, mama aliuliza, "Kwani hata Idi wanakula?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Basi masika yalipokuwa yanakaribia, mambo yakaharibika. Tuliwatoa viwavi wangu tukawaweka juu ya majani ya mahindi, kuwajaribu tu kabla ya kazi kubwa. Hawakula. Waliinua vichwa, wakazunguka pembeni mwa jani, wakashuka, na wengi wakafa na njaa huku chakula kiko chini ya miguu yao. Walizaliwa ndani ya kikombe, na wazazi wao ndani ya kikombe, na mababu zao vilevile. Walichokijua ni uji wangu wa maharage. Nilisimama pale nikaona aibu, kana kwamba mtu kaniambia wanangu hawana adabu.

Mkuu wetu, mwanamama mpole asiyepandisha sauti hata akikasirika, aliniita ofisini. Alisema viwavi wale hawafai tena, lazima wachanganywe na damu mpya kutoka shambani. Wasipopatikana kabla mahindi ya majaribio hayajafika magotini, kazi itahamishiwa kituo kingine na chumba kitafungwa. Kuhusu mimi hakusema neno, lakini mimi si mtoto. Chumba kikifungwa, mpishi wa viwavi atampikia nani?

Utasema viwavi si wamejaa mashambani? Wamejaa, ndiyo, lakini huku kwetu kila mkulima ana bomba la dawa mgongoni. Kiwavi aliyepuliziwa, hata ukimkuta anatembea, atakufia njiani. Nilihitaji shamba ambalo halijaguswa na dawa, na mtu wa kumwomba jambo la kijinga kama hilo nilikuwa naye mmoja tu duniani.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akanikata jicho.

"Yaani nimpandie adui, nimwachie ale ashibe, halafu nimfungie safari ya kwenda Lushoto kula maharage?"

"Kipande kidogo tu, mama."

"Toka hapa."

Nikatoka. Ilipita kama wiki, simu ikalia. "Nimeacha kipande cha chini, kule karibu na mfereji, hakionekani barabarani," alisema. "Usinishukuru. Fanya haraka tu."

Hakionekani barabarani, lakini njia ya wanawake wanaoshuka kuchota maji inapita hapohapo. Na lazima uelewe mama yangu ni mtu wa namna gani. Shamba lake hulioni na jani kavu. Matuta yake yamenyooka, mfereji wake umesafishwa, na akipita kwenye shamba la mtu mwenye magugu hasemi kitu, anavuta pumzi tu kwa pua, na mwenye shamba anasikia. Leo mama huyohuyo ana kipande cha mahindi kimetobolewa kama chandarua kibovu na yeye anakipita asikiguse. Maneno yakaanza: amezeeka, amekata tamaa, ana mtoto maabara na mtoto mwenyewe hata kumnunulia dawa hataki. Yote yakamfikia na yote akayameza, kwa kuwa asingeweza kujitetea bila kusema mimi nafanya nini.

Katikati ya hayo kifua kikambana, akalala zahanati. Mimi nilikuwa nimepanga kupanda Lukozi Jumamosi nikachukue viwavi, wakiwa wamefika ukubwa ninaoutaka. Nikapanda na maboksi yangu ya vikombe vitupu, nikamkuta mama ameruhusiwa asubuhi ileile, kakaa barazani kajifunga blanketi, uso umemshuka.

"Nenda shambani ukaangalie," akasema.

Kwetu mtu akiugua, majirani wanaingia shambani kwake bila kuitwa. Hawaombi ruhusa, na hawataki ruhusa. Ni heshima wanayokupa. Nilipofika kwenye mfereji niliwakuta wanawake kama saba wamekaa ukingoni wanaosha miguu, wamechoka, wana furaha. Walikuwa wamepita mche kwa mche. Kila kiwavi waliyemwona walimtoa kwa vidole na kumponda kwa jiwe, na ndani ya kila mche wametia majivu. Hakikusalia kitu. Yule jirani wa mpakani, ambaye tangu udogo wetu tunamwita mama mkubwa, alisimama akanipungia mkono wenye majivu mpaka kwenye kiwiko. "Tumemsafishia mama yako! Hata mmoja hatujamwacha!"

Mimi nina hasira za karibu, na kila anayenifahamu analijua hilo. Nilifungua mdomo. Kumbe mama alikuwa amejikokota nyuma yangu na blanketi lake, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikudhani anazo.

"Shukuru," akaninong'oneza kwa Kishambaa.

"Shikamooni mama zangu," nikasema. "Ahsanteni. Ahsanteni sana." Machozi yakanitoka. Wao wakadhani ni machozi ya furaha, wakaanza kunibembeleza, na hapo ndipo nililia kwelikweli.

Tukarudi nyumbani, nikawapikia chai na magimbi, kwa kuwa watu waliokufanyia wema huwaachi waende hivihivi. Nilikuwa nagawa vikombe huku najisemea moyoni kwamba basi, chumba kimekwisha, hita itazimwa, na mlinzi atatafuta pengine pa kuota mikono. Mama alikuwa kwenye mkeka. Mara akaweka chai yake chini.

"Huyu hapimi malaria," akasema, na kunionyesha kwa kidevu. "Huyu anafuga viwavi. Wale mliowaua walikuwa wake. Nilimtunzia mimi."

Mimi niliangalia chini, masikio yananiwaka. Wa kwanza alikuwa mama mkubwa. Alianza kucheka polepole, akacheka mpaka chai ikamtokea puani.

"Na tumbo langu je? Si ulinitibu wewe?"

"Nilikwambia unywe maji, mama mkubwa."

"Nikanywa!"

"Ukapona?"

"Nikapona, mshenzi wewe!"

Wakaangua kicheko wote, mama naye akicheka na kukohoa. Walipotulia nikawaeleza habari ya mbegu, na mahindi yatakayojaribiwa, na viwavi wangu waliosahau jani. Wote walikuwa wamewahi kununua unga, kwa hiyo sikuhitaji kusema mengi. Mama mkubwa akajipangusa pua. "Sasa mwanangu, ungeomba kitu ambacho hatuna, hapo ingekuwa shida. Viwavi ndio tulionao." Wakakubaliana kwamba kila mmoja ataokota kwake kabla hajapiga dawa, na watakaopatikana watamletea mama. Nikashuka Lushoto jioni ileile, kwa sababu wale wa vikombeni walikuwa wananingoja.

Baada ya siku chache mama akapiga, sauti imechangamka. "Wamefika! Wengi! Nimewaweka kwenye sinia lile kubwa na majani mabichi, nimewafunika na kawa. Wanakula vizuri, wametulia."

"Sinia moja? Wote?"

"Wote. Kwani wana ugomvi gani?"

"Mama! Watenganishe! Watenganishe sasa hivi!" Nilipiga kelele mpaka mkuu wetu akachungulia dirishani. Lakini mtandao wa kule ukatunyima, simu ikakatika, nami nikabaki namwambia mtu asiyenisikia.

Alipiga kesho yake asubuhi kutoka juu ya kilima. Alikuwa amefunua kawa na kukuta viwavi wachache wanene wamelala katikati ya vichwa vya wenzao. Mama yangu alitulea watoto sita kwenye sinia hilohilo. Mtu akila peke yake jikoni aliitwa, akaulizwa ana nini, akaletwa akae na wenzake. Ndivyo alivyowafanyia viwavi wangu, na alikuwa na uchungu wa kweli.

"Wamekulana," alisema. "Na chakula kipo. Hata mtu na ndugu yake?"

"Hata na ndugu yake, mama. Kila mmoja lazima awe peke yake."

"Maisha gani hayo," akasema. Halafu akaniambia wanawake wataokota kwa mara ya mwisho Ijumaa, maana Jumamosi wanapiga dawa na hakuna wa kuwazuia, hata yeye hataki kuwazuia. "Njoo Jumamosi asubuhi. Nitajua pa kuwaweka."

Nilipanda na mvua. Pikipiki iliteleza mara kadhaa, nikafika nimelowa mpaka kwenye mifupa, nikagonga na kuingia, na nikabaki nimesimama mlangoni.

Nyumbani kwetu kuna kabati la kioo. Ndani yake kuna vikombe vyeupe vya udongo, vyenye maua mekundu na mstari wa dhahabu, na visahani vyake, ambavyo mama aliletewa alipoolewa. Ni vya wageni, na wageni wenyewe ni wale wa kuja na shehe au na mwenyekiti wa kijiji. Sisi watoto chai yetu tuliinywea kwenye makopo ya plastiki. Siku moja nilikitoa kikombe kimoja nikakiosha tu, kwa kukipenda, nikapigwa kofi ambalo nikilikumbuka hata leo shavu linapata moto.

Jumamosi hiyo kabati lilikuwa tupu. Vikombe vilikuwa mezani, dirishani, juu ya cherehani, vimepangwa, na kila kimoja kimefunikwa na kisahani chake kikiwa kimesogezwa kidogo kwa ajili ya hewa. Nilifunua kimoja. Kipande cha jani la mhindi, na kiwavi mmoja. Nikafunua kingine. Na havikuwa vya kwetu tu. Vilikuwapo vya maua ya bluu, vya kijani, vya mistari, vimefungwa uzi wa rangi mbalimbali kwenye mikono yake ili kila mwenyewe akijue chake. Wanawake wa Lukozi walikuwa wamefungua makabati yao.

"Mama," nikasema. "Vikombe vya wageni!"

"Si ulisema kila mmoja na kikombe chake? Ulitaka niwaweke kiganjani?"

Niliwahamisha mmoja mmoja kwa brashi huku mama akinishikia visahani, akiwasema kama wajukuu: huyu mlafi, huyu anajificha, huyu hataki kuamka. Tulipomaliza alinimiminia chai kwenye kopo langu la zamani la plastiki, lile la njano lililovunjika mkono, nikainywa nimesimama, nikaondoka.

Maabara tuliwaweka kwanza kwenye chumba chao peke yao, tusije tukaleta ugonjwa. Wengine walikufa, wengine wakatokwa na funza wa nzi waliokuwa wametaga mayai ndani yao, lakini waliosalia walijifunga kwenye maganda yao ya kahawia na kutoka wakiwa nondo. Tukawaozesha na wale wangu wa uji. Watoto wao walipototolewa nilikata jani la mhindi, nikawaweka juu yake, nikakaa kwenye stuli. Kiwavi wa kwanza alizunguka kidogo, akasimama, akainamisha kichwa. Nilipoona kile kitundu cheupe kinatokea kwenye jani nilipiga kigelegele humo chumbani, mtu mzima mimi, na mkuu wetu akaja akaangalia, akatabasamu, akaenda zake. Mahindi ya majaribio yalipofika magotini, viwavi walikuwa tayari. Hita haikuzimwa.

Habari hiyo sikutaka kuisema kwa simu. Nilipanda Lukozi mwenyewe. Mama alikuwa sebuleni anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wanakula jani?"

"Wanakula."

"Alhamdulillahi." Akaweka ungo pembeni, akainuka, akafungua kabati la kioo. Akatoa kikombe kimoja cha maua mekundu, akakifuta na upindo wa khanga, akamimina chai ya tangawizi na kukiweka mbele yangu juu ya kisahani chake.

Nywele zangu zimeanza mvi, lakini sikukigusa kabla ya kuuliza. "Mama, leo mimi wa kikombe hiki?"

"Kwani wewe si mgeni?" akasema, ameshaurudia ungo wake. Hakusema kwa ubaya, hata hakuniangalia. "Mara ya mwisho kuja humu bila kufuata viwavi ilikuwa lini?"

Nilitafuta siku hiyo kichwani, nikarudi nyuma, nikapita Idi zile mbili, nikazidi kurudi, na sikuiona. Chai ilikuwa inatoa moshi kwenye kikombe nilichokitamani tangu nina meno ya utoto.

"Mama," nikasema, "naomba kopo langu."

Safari hii aliniangalia. Alinyanyuka taratibu, akalitungua kopo la njano kwenye msumari, akaimimina chai humo, na kikombe akakiosha na kukirudisha kabatini. Chai ilikuwa imeanza kupoa. Niliinywa yote, nikaomba nyingine.